Cansilde na Steringi Asiyepiga Mtu

Mke wangu Cansilde alikuwa mshonaji katika soko la Gisenyi. Siku za kazi alishona. Jumapili baada ya misa alishika mikro katika sale ya video ya Kadiri, kule Mbugangari, akaeleza filamu za Kihindi.

Watu wa mbali hawajui kazi hiyo. Nitaisema kidogo. Filamu inakuja na lugha yake, na watu wa hapa hawaisikii. Basi mtu mmoja anakaa kando ya televisheni na mikro mkononi. Wale wa filamu wakisema, yeye anapunguza sauti yao na kutuambia walichosema, kwa Kiswahili, na kwa Kinyarwanda pale Kiswahili kinapokuwa kizito. Mtu huyo tunamwita musobanuzi. Musobanuzi mzuri anajaza sale. Akiwa mbaya, benchi zinabaki na vumbi lake.

Ni kazi ya wanaume. Mwanamke niliyemwona akiifanya ni Cansilde peke yake.

Lugha aliipata Goma, wakati tulikuwa bado upande ule wa Kongo, kabla ya kurudi Rwanda. Alikuwa msichana, akapata kazi katika duka la vitambaa la familia ya Kihindi. Mwenye duka, Mama Hansa, alimfundisha kushona. Mchana wateja wakipungua, Mama Hansa aliweka kanda ya video, na mashine ziliendelea. Cansilde alijifunza kola na lugha pamoja. Si lugha yote. Neno asilolijua alilitafuta usoni mwa mtu aliyelisema. Hakukosea sana.

Katika filamu kuna steringi. Steringi ni yule mkuu, yule ambaye picha yake iko mbele ya kanda. Gisenyi yote inajua sheria zake. Steringi hafi. Steringi hashindwi. Steringi anapiga genge zima peke yake na nywele hazisogei. Mtu wa hapa anaweza kusahau amri za Mungu, hizi hasahau.

Cansilde aliwatazama steringi wakubwa kwa jicho la mshonaji.

"Ona shati," aliniambia. "Ameanguka mu matope, amepigana, ameruka kutoka juu ya treni. Shati iko na mistari ya pasi. Huyu si mutu, ni manekani ya dukani."

Aliwapenda wengine. Wale ambao jina lao linapita haraka, maandishi madogo, bila muziki. Kulikuwa na mwanamke mmoja, Sulekha Barve. Maisha yake yote walimpa kuwa mama mkwe mkali, aingie, afoke, atoke. Mara moja tu walimfanya mkuu wa filamu, mkata tiketi wa basi. Filamu nzima anakata tiketi. Cansilde alinionyesha: kila abiria alimkatia kwa namna yake. Mlevi alimpa kwa ncha za vidole. Mjamzito alimwekea kiganjani na kumfunga vidole, ili upepo usiichukue. "Hakuna mutu alimwambia kufanya vile," Cansilde alisema. "Ni yeye amefikiri."

Lakini aliye juu ya wote alikuwa Vasant Kordekar.

Kordekar ni mfupi. Ana tumbo. Sikio moja limesimama kuliko lingine. Katika filamu za wengine utamwona polisi mlangoni, daktari anayevua miwani, mjomba wa bibi harusi. Walimpa kuwa steringi mara chache sana. Filamu moja kati ya hizo ndiyo Cansilde aliibeba mpaka mwisho wa maisha yake. Jina lake la Kihindi ni refu. Sisi tunasema Filamu ya Pasi.

Nitaieleza fupi. Mtu anapiga pasi chini ya ngazi ya nyumba kubwa, pasi ya makaa, na meza yake ni ubao. Juu anakaa tajiri na mama yake mzee. Mama huyo kichwa kimechoka, anasahau. Kila asubuhi anateremka na kumwita mpiga pasi kwa jina la mtoto wake aliyekufa. Mpiga pasi anaitika. Siku moja tajiri anaacha pete katika koti lililoletwa kupigwa pasi. Mama mzee anaichukua na kumpa mwombaji wa barabarani. Mpiga pasi ameona. Tajiri anapoitafuta pete, anamwita mpiga pasi mwizi, mbele ya watu wote. Na mpiga pasi hasemi. Akisema, mama atafungiwa chumbani asiteremke tena. Basi anafukuzwa. Anaweka meza kichwani, anaenda mji mwingine ambako hajulikani, anawasha makaa. Filamu imekwisha.

Hakuna ngumi. Wimbo ni mmoja, anauimba mwenyewe akipiga pasi, polepole, na sauti yake si nzuri.

Régis alikuwa anamchokoza Cansilde kwa ajili hiyo. Régis naye ni musobanuzi, alifundishwa na Cansilde, siku hizi ana jina. Sauti yake iko katika flash za watu mpaka Rubona.

"Mama Cansilde, steringi yako iko na tumbo!"

"Na we uko na nini? Mifupa na kelele."

"Hajue hata kupiga mutu kofi moja!"

"Na we unajua kukunja mukono ya shati? Kuja dukani nikuone."

Sale ilicheka mpaka benchi zikalia. Régis pia alicheka. Kwake ilikuwa heshima, kutukanwa na Cansilde.

Sasa Kadiri, mwenye sale. Ni rafiki yangu, nitasema ukweli wake. Baba yake aliuza chumvi na vitenge, yeye akaleta sinema. Anawajua wateja kuliko wanavyojijua. Filamu ambayo steringi anakufa au anashindwa, Kadiri haiachi ifike mwisho. Anasimama karibu na swichi kubwa ya ukutani, na pale pabaya pakikaribia, umeme unaenda. "Poleni wapendwa, umeme!" Watu wanalalamika kidogo, wanachukua miavuli yao, wanatoka. Njiani kila mtu anaimalizia filamu kwa kichwa chake. Steringi anapona. Anaoa. Jioni wanaisifu filamu ambayo haipo.

Wote wanajua. Nyumba ya jirani taa inawaka na redio inaimba. Hakuna anayeuliza.

Filamu ya Pasi iliwekwa mara nyingi, kwa sababu Cansilde hakuchoka kuomba. Na kila mara umeme ulienda palepale, Kordekar anapoweka meza kichwani. Mwisho wake Gisenyi haikuuona. Tuliuona sisi wawili tu, nyumbani, kwenye televisheni yetu ndogo.

Cansilde alimfuata Kadiri mpaka uani.

"Ndugu yangu, unamukata mutu shingo."

"Mama Cansilde, nakuheshimu," Kadiri alisema. "Lakini baada ya pale hakuna kitu. Mtu anawasha moto, basi. Nani atakaa kumtazama mtu anawasha moto?"

"Mimi. Na huyu mume wangu."

"Nyinyi wawili hamjazi benchi moja."

Cansilde hakukasirika. Alirudi ndani kukunja waya wa mikro. Jumapili iliyofuata aliomba tena.

Alikufa mwezi wa pili. Moyo. Alikuwa kazini, mguu bado uko kwenye pedali. Juu ya mashine kulikuwa na suruali ya Nkusi, jirani yetu. Mguu mmoja umekunjwa, mwingine bado. Nkusi alikuja kuichukua, nikamwambia itafutiwe mshonaji mwingine. Akakataa. Aliivaa hivyohivyo siku tulipomzika Cansilde, karibu na Nyundo, akitembea anakanyaga ule mguu mrefu. Sijamshukuru bado.

Watu waliketi nasi kwenye kilio. Watoto wetu walikuja kutoka Kigali, wakakaa, wakarudi kazini. Ikafika siku ya kuondoa kilio, sisi tunaita gukura ikiriyo. Jamaa na majirani wanakaa pamoja mara ya mwisho, wanakunywa kidogo, na mtu wa karibu anasimama kusema marehemu alikuwa nani. Baada ya hapo kila mtu anarudi katika maisha.

Mtu wa karibu ni mimi. Nilisimama. Nikasema, "Alishona vizuri."

Nikangoja neno lingine lije. Halikuja. Nikaketi.

Watu walinihurumia, wakadhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo. Lakini mimi ni hivyo tangu zamani. Nimebeba makreti Rubona miaka mingi, na makreti hayaombi maneno. Cansilde ndiye alikuwa na maneno, kwa wote wawili. Nilichotaka kusema ni kwamba aliwaona watu ambao wengine wanawapita, akawaonyesha kwetu, na hatukutazama mpaka mwisho. Hicho kilinikwama kifuani.

Kadiri akasimama, kofia mkononi. "Jumapili sale ni ya Mama Cansilde. Mchana, mlango wazi kwa kila mtu. Tunaweka ile filamu kubwa ya treni, Régis ataeleza. Sale itajaa mpaka barabarani, inshallah."

Watu walifurahi.

"Hapana," nikasema. "Ya Pasi."

Wakageuka.

"Mpaka mwisho," nikasema.

Kadiri alikuja kuketi karibu nami. "Ndugu yangu Twagirimana. Watu watakuja kwa ajili yake. Unataka watoke wamenuna?"

Régis akainama upande wangu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mzee, nipe mimi iyo filme. Nitaieleza muzuri. Pale mwisho hakuna mutu anasema kitu, donc mi nitaweka maneno yangu: ukweli imejulikana, tajiri amepiga magoti, pete imerudi. Batu watalia kwa furaha."

Alisema kwa upendo. Wasobanuzi wengi wanafanya hivyo, na watu wanawapenda. Cansilde hakuwahi kumpa steringi neno ambalo hakulisema.

"Hapana," nikasema. "Nitaeleza mimi."

Hapo walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko tangu mazishi. Nyirasafari alicheka kuliko wote. Huyo anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga pale bandari ya Rubona, rafiki wa Cansilde wa siku nyingi. Alinishika bega asianguke.

"We? We Twagirimana? We ambaye unakata hata salamu katikati?"

"Mtu akimuuliza habari anatikisa kichwa," Kadiri alisema. "Mikro haioni kichwa, mzee wangu."

"Nitaeleza," nikasema.

Kadiri alivaa kofia yake. "Haya. Lakini saa kumi na moja kuna mechi, na watu wa mechi hawana huruma. Wakianza kugonga mlango, umeme utaenda. Nakuambia mapema, tusikosane."

Nikatikisa kichwa.

Wiki ile nilitembea mchana, kutoka Rubona kwenda upande wa Nyamyumba, kando ya maji, nikijaribu maneno. Maneno ya Cansilde nilikuwa nayo yote, kwa sauti yake. Nikiyatia katika sauti yangu yanakuwa kama koti la mtu mwingine, mabega yananing'inia. Mwanamke aliyekuwa analima aliniuliza kama nimepoteza mtu. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia pole, akaendelea kulima. Nikayaacha yale maneno pale, nikarudi na machache ninayoweza kuyabeba.

Jumapili sale ilijaa. Washonaji wote wa soko. Wanaume wa pikipiki na helmeti magotini. Kwaya ya misa ya kwanza, bado na sare. Familia ya Kadiri, wanawake wa hijabu benchi nzima. Nyirasafari alikaa mbele kabisa na mapaja yake mawili yakachukua nafasi ya watu watatu. Régis alikaa nyuma yake, amekunja mikono kifuani.

Nilishika mikro. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimeibeba mara nyingi, lakini kwa waya, nikimpelekea yeye.

Filamu ikaanza. Ngazi. Meza. Mkono unaweka pasi juu ya ubao.

"Hii ni pasi," nikasema.

"Tunaona!" Nyirasafari alijibu.

Sale ikaanguka kwa kicheko. Nikangoja. Mama mzee akateremka, akasema maneno yake, Kordekar akajibu.

"Anamwita kwa jina la mtoto wake," nikasema. "Huyo mtoto alikufa. Yeye anaitika."

Nikashusha mikro. Halafu mtu wa nyuma: "Mzee, mikro imezimika?"

"Iko nzima," nikasema.

"Basi ni wewe umezimika!"

Wakacheka tena. Nilimwona Régis akiinua mkono kidogo, kunionyesha kwamba yuko tayari kunipokea. Nikatazama televisheni. Kordekar alikuwa anapiga kola pasi.

"Tazameni mkono wa kushoto," nikasema.

Mkono wa kulia unasukuma pasi, kila mtu anaweza. Wa kushoto ulikuwa mbele yake, umekunja kola kwa mviringo, taratibu, kama ndani kuna shingo ya mtu na hataki kuiunguza.

"Uuu," alisema mshonaji mmoja. "Huyu amefanya iyo kazi."

"Hajaifanya," nikasema. "Ni mcheza filamu. Cansilde alisema alijifunza kwa ajili ya filamu hii. Aliona katika vidole: mwanzo wa filamu anaishika pasi kwa woga kidogo, baadaye hapana."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwangu. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama vidole.

Tulienda hivyo. Mimi neno moja, wao kumi. Walianza kuniuliza na mimi nikawa najibu. Hiyo haikuwa namna ya Cansilde, wala ya Régis. Ilitokea tu. "Huyu tajiri iko mubaya?" Hapana, anampenda mama yake, ila hana wakati. "Ile pete iko ya nani?" Ya mke wake, marehemu. "Ayi, maskini." Mama mzee alipompa mwombaji pete, sale nzima ilishika mdomo.

Ikafika pale pa kuitwa mwizi. Uwanja umejaa watu. Tajiri amevaa lile koti, anapiga kelele, anamsukuma Kordekar kifuani.

"Mupige!" watu wa pikipiki walisimama. "Steringi, mupige! Iko karibu!"

"Hatapiga," nikasema.

"Kwa nini hapigi?"

"Tazameni kifungo."

Koti la tajiri lina kifungo kinacholegea, kinaning'inia kwa uzi mmoja. Tajiri anamtukana, na Kordekar macho yake yako kwenye kile kifungo. Anatoa sindano kwenye ukosi wa shati lake. Anakishona. Pale pale, juu ya kifua cha mtu anayemtukana, sindano inaingia na kutoka, na matusi yanaendelea. Anainama, anakata uzi kwa meno. Anakipapasa kifungo kuona kama kimeshika.

Hapa Cansilde alikuwa anazima mikro. Aliniambia, "Iyo hakuna neno itaisaidia." Nami nilinyamaza. Katika hilo nilikuwa fundi kuliko wote.

Wale wa pikipiki walikaa mmoja mmoja.

Nyirasafari aliuliza kwa sauti ndogo, "Lakini kwa nini hasemi tu? Aseme ni mama!"

"Akisema, watamfungia chumbani."

"Na yeye atapoteza kazi."

"Ndiyo."

"Na jina."

"Ndiyo."

"Bon," alisema mtu wa nyuma. "Na atapiga lini?"

Hata mimi nilicheka.

Kisha Kordekar akaweka meza kichwani, akatoka langoni.

Hapo jambo likatokea ambalo sikulifikiria wiki nzima. Watu walisimama. Umeme haujaenda, taa inawaka, filamu inaendelea, na wao wanachukua miavuli na helmeti. Ni mazoea. Kwa miaka yote filamu ile iliishia pale. Miguu yao ilijua.

"Kadiri, umeme iko wapi leo?" mmoja alitania, na wengine wakacheka wakielekea mlangoni. Nje watu wa mechi walikuwa wamefika, wanagonga bati kwa viganja. Nilimtafuta Kadiri. Alikuwa ukutani, mahali pake. Mkono wake uko juu ya swichi.

Nilisema katika mikro, "Kaeni."

Hawakusikia. Nikasema tena, kwa nguvu, na mikro ikapiga mluzi mpaka watu wakashika masikio.

"Kaeni! Cansilde aliuona mwisho huu. Mimi niliuona. Nyinyi bado. Huyu mtu amefanya kazi mbele yenu mchana mzima, na hajamkosea mtu, na nyinyi mnamwacha barabarani na meza kichwani. Mnaenda wapi? Yeye bado anatembea. Kaeni mumwone anafika wapi. Cansilde aliomba hivyo kila Jumapili, aliomba kwa upole. Mimi sijui upole. Kaeni."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mara moja. Sikujua mahali yalipokuwa.

Kadiri alinitazama. Akatazama mkono wake mwenyewe, kama wa mtu mwingine. Akaushusha, akaupangusa kwenye kanzu, akakaa chini sakafuni chini ya swichi yake. Nyirasafari alikuwa hajasimama kabisa. Alimvuta kwa shati mtu wa pikipiki aliyekuwa anampita. "Kaa, we. Umesikia mzee." Régis akakaa. Kwaya ikakaa.

Mji mwingine. Mvua imenyesha. Kordekar anatua meza chini ya paa la duka lililofungwa. Hakuna anayemsalimu. Anafungua pasi, anaweka makaa ndani, anapiga kiberiti.

Moshi tu.

"Makaa iko na maji," Nyirasafari alisema. Huyo moto ni kazi yake.

Kordekar anapuliza. Moshi. Anapiga kiberiti kingine, anakinga upepo kwa kifua. Mashavu yake yanajaa, yanapungua. Hakuna muziki. Kordekar anapuliza kama mtu ambaye asubuhi hii hana kitu kingine. Jicho linatokwa na machozi, ya moshi au ya mambo mengine, hakuna ajuaye, hata Cansilde alisema hajui na kwamba ndiyo sababu anampenda.

"Apulize chini," Nyirasafari alisema. "We baba, puliza chini, si juu!"

Kordekar aliinama, akapuliza chini.

"Njo vile!" Nyirasafari alisimama. "Ananisikia!"

"Puliza!" mwenye helmeti akasema.

"Usisimame, puliza!"

"Geuza iyo kubwa! Ile ya pembeni!"

Kordekar aligeuza kaa moja kwa kidole, akakivuta kidole haraka, akakitia mdomoni, akarudi kupuliza. Sasa sale yote ilikuwa juu. Wanawake wa hijabu walikuwa wanapuliza na wao, mashavu yamejaa. Kwaya inapiga benchi. Régis alikuwa amepanda juu ya kiti, yeye mwenye sauti ya kulipwa, anaipaza bure, "Puliza, steringi! Puliza!" Kiberiti kilikuwa kimebaki kimoja. Sikueleza kitu. Hakukuwa na mtu wa kuelezwa.

Nukta nyekundu ikaonekana katika tundu la pasi. Ndogo. Ikazimika. Sale ikaguna. Ikarudi. Ikashika jirani yake.

Walipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia Mbugangari, hata siku timu ya taifa iliposhinda. Helmeti zilienda juu. Nyirasafari alimkumbatia Kadiri pale sakafuni, na Kadiri, mtu mwenye heshima zake, akakumbatiwa. Kwenye televisheni Kordekar hakutabasamu hata kidogo. Alifunga pasi, akapangusa mikono kwenye suruali, akavuta shati la kwanza juu ya ubao. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye kola.

Mlango ukasukumwa. Watu wa mechi waliingia mbio, wanapigana vikumbo, mmoja amevaa jezi kinyumenyume. Walidhani mechi imeanza bila wao.

"Nani amefunga?" yule wa jezi alipiga kelele. "Nani amefunga?"

"Kordekar!" sale ilimjibu.

Alitazama televisheni, akatutazama sisi. "Kordekar? Iko wa timu gani?"

Nyirasafari alikuwa anajifuta machozi kwa kitenge. Alimjibu bila kumtazama.

"Ya Cansilde."